Mtaro wa Kona Saba

Teoh Gaik Suan alikuwa na tabia moja iliyonikera kwa miaka kumi na tisa. Mvua ikianza tu, anaacha kazi. Mafaili yamerundikana mezani, simu inalia, watu wamejipanga dirishani wanagonga kioo kwa funguo, naye amesimama kwenye kibaraza cha nyuma cha ofisi, mikono mgongoni, anatazama maji yanavyoshuka kutoka paa la gereji na kuingia mtaroni. Simu hizo zote nilizipokea mimi. Nilikuwa nikimwambia, "Dada Suan, hiyo ni mvua. Juzi pia ilinyesha."

Naye hujibu bila kugeuka, "Ya juzi ilitoka mbio. Hii hebu ione, inajizungusha pale kwenye kona."

Siku hizi nimestaafu na mimi, na ikinyesha hapa Tanjung Rambai najikuta nimesimama mlangoni nikitazama mtaro wa jirani. Ameniambukiza, na sijui nimshukuru au nimlaani. Yeye yuko Kuala Lumpur kwa mwanawe, ghorofa ya kumi na tisa, na anasema kule juu mvua inakupita dirishani na hujui imeishia wapi. Nampeza sana. Nimeona nimwandike kabla na mimi sijaanza kusahau, maana watu wa aina yake hawaandikwi popote isipokuwa chini ya mihuri.

Kazi yetu ilikuwa kukagua michoro upande wa mitaro. Mtu akitaka kujenga, mchoro wake lazima upite kwetu tuone maji ya mvua yataelekea wapi. Kiwanja kipya nje ya mji hakikuwa na taabu. Taabu ilikuwa katikati ya mji, kwa wale waliokuwa wakibomoa na kujenga upya majumba ya zamani, kwa sababu wao wana kanuni yao, na kila mmoja aliona kanuni hiyo imetungwa kumkomoa yeye peke yake. Gaik Suan aliieleza dirishani mara elfu, kwa maneno yaleyale.

"Jenga upendavyo. Jenga kasri. Ila maji yako yasitoke kwa fujo kuliko yalivyokuwa yakitoka zamani. Kama nyumba ya zamani iliyashika kidogo kabla ya kuyaachia mtaani, na wewe utayashika."

"Sasa nitayashika wapi, Dada? Kiwanja chenyewe upana wa mkeka!"

"Chimba tangi. Acha udongo wazi. Lala nayo kitandani. Mimi niletee mchoro tu."

Kwa hiyo kila fomu ilikuwa na kisanduku kimoja ambacho watu walikigombania kuliko vyote: hali ya kiwanja kabla ya ujenzi. Ukiweza kuonyesha kwamba zamani palikuwa zege tupu na mtaro mnyoofu, maji yakidondoka yanafyatuka, basi hudaiwi chochote, endelea kuyafyatua. Palipokuwa na bustani, kidimbwi au shimo la kupokea maji, hapo unadaiwa. Nilishangaa jinsi watu walivyosahau bustani za mama zao wakifika dirishani petu.

Gaik Suan hakusahau kitu. Alizaliwa mwaka 1955 Mtaa wa Wasokota Kamba, namba kumi na saba, moja ya zile nyumba nyembamba ndefu ambazo mbele ni duka na nyuma ni jiko. Baba yake, Teoh Chin Poh, alikuwa fundi wa mitalawanda, viatu vya mbao vya kukanyagia sakafu yenye maji, na alifanya kazi dukani mbele akiwa amekaa juu ya kigoda, misumari mdomoni. Gaik Suan alikuwa akisema nyumba nzima ililia ko-ko-ko kuanzia alfajiri, na kwamba aliweza kujua nani anapita na amekasirika kiasi gani kwa mlio wa miguu.

Katikati ya nyumba palikuwa na ua mdogo usio na paa. Wao waliuita ua wa mvua. Mvua ilidondokea humo ndani ya nyumba, mbele ya madhabahu ya mababu, na watu waliendelea kula pembeni kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanga uliingia hapo, upepo uliingia hapo, na kwa imani ya Mzee Teoh bahati nayo iliingia hapo. Ndiyo maana mtaro uliochukua maji kutoka ua ule hadi barabarani haukuwa mnyoofu. Babu yake Gaik Suan aliwaambia mafundi waupindishe chini ya sakafu kona saba, na katikati wachimbe shimo la kujengwa kwa matofali, la kuingia mtu akiwa amechuchumaa.

"Yakiingia yanaingia kwa haraka, sawa," Mzee Teoh alimweleza bintiye. "Ila kutoka yaage kila chumba kwanza. Mgeni mzuri haondoki mbio."

Ndani ya shimo lile aliishi kobe. Kazi yake ilikuwa kula uchafu na kukoroga tope lisigande. Ukiinua kigae kimoja kilicholegea karibu na jiko unamwona, na Gaik Suan akiwa mtoto alilala kifudifudi hapo akimdondoshea mchicha. Mvua kubwa ikinyesha, ua ulijaa maji hadi vifundoni, na Mzee Teoh aliwaruhusu watoto wavue viatu na kukaa kwenye ngazi na miguu majini hadi yashuke yote. Yalishuka taratibu. Hesabu alijifunzia hapo, aliniambia, kwa kuhesabu ni vigae vingapi vimeshajitokeza.

Hadithi hii nilisimuliwa mara nyingi mno, kwa chai na mikate ya nazi, na kila mara aliishia hapohapo kwenye vigae. Kilichofuata hakukisema. Nilikikuta kwenye faili.

Mwaka 2014, akiwa amebakiza miezi minne astaafu, uliletwa mchoro wa hoteli. Mtu alikuwa amenunua nyumba namba kumi na tano, kumi na saba na kumi na tisa za Mtaa wa Wasokota Kamba, azibomoe kuta za kati ziwe moja. Ua wa mvua wa namba kumi na saba uezekwe kwa zege na kupitishiwa lifti. Mhandisi wake alikuwa kijana anaitwa Lau Weng Hoe, shati limenyooshwa hadi unaogopa kumgusa. Katika kile kisanduku cha hali ya kabla aliandika: paa na zege, mtaro mnyoofu, hakuna pa kushikia maji.

Gaik Suan alisoma jina la mtaa, akafunga faili, akalisukuma mezani kwangu.

"Chukua wewe. Mimi nilizaliwa humo, sifai kukagua."

"Si ndiyo vizuri? Unaijua."

"Chukua, Letchu."

Nilichukua. Kwa furaha, niseme ukweli, maana nilijua tumemkamata huyu kijana. Mtaro mnyoofu? Mimi mwenyewe niliujua kona kwa kona na sijawahi kuingia nyumba ile! Nikageuza ukurasa wa pili na kukuta nakala ya hati ya zamani, ya mwaka 1979. Ilithibitisha kwamba mtaro wa namba kumi na saba umenyooshwa, shimo limefukiwa, na maji hayatuami tena. Chini yake sahihi. Ile T ndefu yenye mkia niliyoiona kila siku kwenye daftari la mahudhurio.

Nilimtazama. Alikuwa akichonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongoka.

"Dada Suan, hii ni yako?"

"Si unasoma?"

Akanieleza kwa mkato, kama anayejibu mashtaka. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na nne, miezi sita tu kazini, binti pekee kwenye chumba cha wanaume kumi na mmoja. Kanuni za wakati ule zilikuwa kinyume cha hizi zetu. Maji yatoke, yatoke upesi, yasilale popote, kwa sababu ya mbu na homa. Mitaro yote yenye kona inyooshwe. Mkubwa wake alimpa Mtaa wa Wasokota Kamba makusudi, wamwone atafanyaje. Akaenda na barua, akampa baba yake mbele ya majirani.

"Alisemaje?"

"Alitoa misumari mdomoni. Akasema, 'Sawa, Bi Afisa.' Baada ya wiki mbili akaniambia, 'Nimenyoosha.' Nikaenda, nikakuta saruji mpya sakafuni kutoka ua hadi mlangoni, imenyooka. Nikamuuliza kobe yuko wapi, akasema amempeleka hekaluni kwenye bwawa. Nikatia sahihi." Akapuliza unga wa penseli. "Hakunisemesha vizuri mwaka mzima. Na kwa bahati mbaya mwaka uleule sahani moja ya mama ya bati la rangi ilipotea, zilikuwa sita, Mama akashikilia kwamba nimeipeleka ofisini kulia chakula. Basi nyumba nzima ikawa dhidi yangu. Baba amekufa mwaka tisini na moja na mimi sijamwomba radhi kwa ule mtaro. Niombe radhi vipi? Nilikuwa nafuata kanuni. Halafu kanuni ikageuka na mtaro haupo."

Nilikasirika tu, na sikujua nimkasirikie nani. Alikuwa mkaguzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, na mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa unakwenda kuuziba ua wa mama na baba yake kwa zege. Nisingeweza kukataa mchoro ule. Hati ilikuwa halali.

Ilinibidi nikague kiwanja kabla ya kupitisha. Nikamwambia aje.

"Nije kufanya nini?"

"Kuaga. Wiki ijayo wanaanza kubomoa."

Tulikwenda Jumanne mchana, baada ya mvua kubwa. Lau alikuwa ametutangulia, anaruka madimbwi asichafue suruali. Alimwona Gaik Suan na miavuli yake miwili, akadhani ni mama yangu mdogo nimekuja naye.

"Shangazi, angalia hapo, panateleza."

"Panateleza tangu kabla baba yako hajazaliwa," akamjibu. "Ndiyo maana tulivaa mbao."

Wapangaji wa mwisho walikuwa wameondoka na nyumba ilikuwa tupu. Aliingia pole pole, akashika ukuta wa dukani mahali ambapo mbao zilikuwa zikipangwa, akapita. Sikumfuata. Nilibaki barabarani na Lau tukipima mtaro wa mtaa, na hapo ndipo alipotoka, uso umebadilika, akasimama anaangalia chini ya ngazi za mbele. Kila nyumba ina tundu lake la kutolea maji. La kumi na tano lilikuwa kavu. La kumi na tisa kavu. La kumi na saba lilikuwa linatoa maji, uzi mwembamba, wenye utulivu.

"Mvua imekatika saa ngapi?" akauliza.

"Imepita dakika ishirini na zaidi," nikasema.

"Mtaro mnyoofu wa mita kumi na nne, Mhandisi. Unamaliza maji kwa muda gani?"

Lau akatabasamu kwa adabu. "Nusu dakika, Shangazi. Labda kuna bomba linavuja humo ndani. Nyumba za zamani hizi."

"Maji ya bomba yamekatwa tangu mwezi uliopita. Umeandika wewe mwenyewe."

Kijana akafungua faili lake, akalifunga. Akasema anaweza kurudi wiki ijayo na chombo cha kupimia, kiko ofisini kwao Ipoh. Gaik Suan hakumsikiliza, alikuwa ameshavuka barabara. Pale ng'ambo palikuwa na mama mmoja anauza keki za wali, zile zenye rangi ya buluu inayotokana na maua tunayoyachemsha, na alikuwa na mtungi wake wa maji ya maua chini ya meza. Nikaona wanabishana. Nikamwona Gaik Suan akinyoosha kidole kwenye nyumba, kisha akijishika kifua. Akarudi na mtungi mzima.

"Amekuuzia?" nikauliza.

"Amenipa. Anamkumbuka Baba, amewahi kuvaa viatu vyake siku ya harusi. Tafuta ndoo."

Tulipata ndoo tatu kwa jirani. Tukazijaza kwenye pipa la mvua, tukagawa maji ya maua humo, na Gaik Suan akazimwaga yeye mwenyewe kwenye ua wa mvua, moja baada ya nyingine, akiwa ameinamisha ndoo polepole. Maji yakaingia kwenye wavu wa mtaro, buluu iliyokoza. Lau alikuwa nje na saa ya simu yake.

"Yanatoka!" akapaza sauti baada ya sekunde ishirini. "Nilisema nusu dakika!"

Tukakimbia. Maji yalikuwa yanatoka kweli, mengi kuliko mwanzo. Yalikuwa meupe.

"Buluu iko wapi?" Gaik Suan akauliza.

"Labda imechujuka."

"Ndoo tatu, Mhandisi. Imechujuka wapi?"

Tukasimama watatu juu ya tundu lile. Dakika mbili. Dakika nne. Mama wa keki akaja na kijiko mkononi, akauliza tumepoteza pete? Dakika saba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumpoza Gaik Suan, kwamba rangi ya maua haina nguvu, kwamba tumejaribu, na nilikuwa nikiomba kimoyomoyo kwa miungu yangu yote na ya kwake. Alikuwa amekunja mwavuli na kuuegemea kama fimbo, midomo inacheza. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa anahesabu kona.

Dakika ya kumi na moja maji yakabadilika. Kwanza kidogo tu, ukingoni. Halafu yakawa buluu yote, yanatoka polepole, hayana haraka na mtu.

Lau alichuchumaa, suruali ikaingia kwenye tope, hakujali. "Kuna shimo humo chini," akasema. "Kubwa. Lilikuwa limejaa, haya yetu yamesukuma maji ya zamani kwanza. Mtaro huu haukunyooshwa. Mtu alipiga saruji juu tu."

Gaik Suan alianza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile ofisini, cheko la tumboni, la kujikunja, mpaka mama wa keki naye akacheka bila kujua sababu.

"Mzee mwongo!" akasema. "Mzee mwongo wewe! 'Sawa, Bi Afisa!' Ananitazama machoni, 'Nimenyoosha!' Na mimi nikamwamini!" Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaendelea kutikisika kwa namna nyingine. Nikakaa karibu yake. Lau akatazama upande wa pili, na kuanzia hapo nikampenda kidogo.

Hayo yalikuwa mazuri. Yaliyobaki yalikuwa ya ofisini. Ili hali ya kabla ibadilishwe kwenye fomu, ile hati ya 1979 lazima ifutwe, na ili ifutwe lazima aliyeitia sahihi aandike kwamba alikosea. Mkuu wetu, Bwana Zulkarnain, alituita wote wawili. Alikuwa mtu mpole na alitaka Gaik Suan amalize miezi yake minne kwa keki na picha ya pamoja.

"Suan, andika kosa la kiuandishi. Maneno matatu. Hakuna atakayeuliza."

"Haikuwa kosa la kiuandishi. Niliandika vizuri sana. Sikupima."

"Unajichafua bure. Miaka thelathini na tano bila doa."

"Doa lilikuwapo tangu mwezi wangu wa sita kazini, Bwana Zul. Hamkuliona tu."

Alirudi mezani, akaandika kwa mkono, akararua, akaandika tena. Barua iliyoingia kwenye faili ina mistari minne, na ninaikumbuka yote, lakini wa tatu ndio niliousoma mara nyingi. Anasema: nilithibitisha bila kupima, kwa kuwa aliyeniambia kazi imekwisha alikuwa baba yangu. Bwana Zulkarnain aliisoma amesimama. Akaigonga muhuri, akatoka kwenda kunywa kahawa, hakurudi hadi mchana.

Kuanzia hapo kanuni ilifanya kazi yake. Nyumba ilikuwa imeshika maji zamani, kwa hiyo hoteli nayo ingeyashika. Mwenye hoteli alipiga kelele wiki nzima, akatishia kuuza, akaulizia bei ya tangi la zege chini ya jiko, akanyamaza. Njia rahisi kuliko zote ilikuwa kuacha ua wazi, shimo lisafishwe, kona saba zibaki. Lifti ikapelekwa nyuma. Mimi ndiye niliyepitisha mchoro, na siku ile nilivaa sari mpya kazini, wakanitania kwamba nimechumbiwa.

Alistaafu mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na mbili Lau akanipigia. "Shangazi Suan yupo? Tumefungua shimo. Njooni."

Mnadhani alipanda basi usiku mzima kutoka kwa mwanawe? Hata. Alikuwa bado yupo mjini, anafunga mizigo, na alifika kabla yangu. Walikuwa wameng'oa saruji ya Mzee Teoh na chini yake vigae vya zamani vilikuwa vizima. Kobe hakuwepo, wala gamba lake. Labda alikwenda mtaro mkubwa, labda mto. Lakini kwenye tope la shimo, chini kabisa ya kile kigae cha karibu na jiko ambacho saruji haikukifikia, fundi alikuta sahani ya bati la rangi, nyeupe yenye ukingo wa kijani. Kwa nyuma kulikuwa na alama iliyokwaruzwa kwa msumari, jina la ukoo, kama mama yake alivyoziwekea alama zote sita ili zisipotelee kwenye sherehe za watu.

Ukingoni palikuwa na tobo, na kwenye tobo kipande cha mpira wa mtalawanda, ule wa kushika vidole, kimepigiliwa na kukunjwa kiwe kishikio. Ilikuwa sahani ya kumteremshia kobe chakula na kuivuta tena juu.

Gaik Suan aliigeuza ile sahani, akaigeuza tena. Akaugusa ule mpira. Mpira wa zamani ulikuwa umekakamaa lakini misumari ilikuwa miwili, imepigwa karibu karibu, mtindo wa baba yake.

"Mama alinifokea kwa ajili ya sahani hii mpaka Baba anakufa," akasema. "Miaka kumi na mbili. Kila mwaka mpya, akipanga meza, 'sahani ya sita iko ofisini kwa mheshimiwa.' Na huyu mzee amekaa pembeni, anatafuna njugu, ananiangalia."

"Angesema, ungeandika ripoti," nikamwambia.

"Ningeandika," akasema. "Hapo amenijua."

Aliifunga kwenye kitambaa na kuondoka nayo. Najua anailia wali kule ghorofani, na mwanawe anamwambia itamwingizia kutu tumboni.

Wiki iliyopita alinipigia saa nane mchana. Kwa sauti tu nilijua amekaa dirishani.

"Letchu, huko kunanyesha?"

"Kunanyesha."

"Kubwa?"

Ilikuwa kubwa. Na mimi, mwanamke wa miaka yangu, mwenye goti bovu, nikachukua mwavuli na kutembea mitaa miwili hadi Mtaa wa Wasokota Kamba. Nilisimama mbele ya hoteli na mlinzi akaniuliza kama ninamsubiri mgeni. Nikamwambia ndiyo. Mvua ilikatika baada ya muda, matundu ya nyumba nyingine yakakauka moja moja, na nikainama, goti likalia, nikaiweka simu karibu na ngazi ya namba kumi na saba.

"Unaisikia?"

"Nyamaza basi nisikie."

Hakukata simu, wala mimi sikukata, mpaka maji yalipokwisha.